Thelathini na Nne kwa Mia

Kompyuta ya Hermelinda ilikufa Jumanne, saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi, na kabla kahawa haijachemka nyumba nzima ilikuwa imeshampata mwenye makosa. Alikuwa Gamaliel, mkwe wao, kijana wa miaka ishirini na minne anayeziba pancha kwenye barabara iendayo Puebla. Kosa lake la kwanza, ukweli usemwe, lilikuwa kuhamia ukweni. Wanaume wa Santa Inés huoa wakampeleka mke kwa mama zao. Yeye alikuja na sanduku lake akamfuata mke kwao, kwa kuwa nyumba ya mama yake ilikuwa na chumba kimoja na ndugu watano. Tangu siku hiyo mzee Nazario, baba mkwe, alikuwa akimkazia macho kila aliponyoosha mkono kuchukua chapati ya mahindi, tortiya ya tano.

"Hebu rudia," alisema Nazario. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kazi, mkono kiunoni, pale ambapo kiwanda cha nguo kilimharibia mgongo kikamrudisha nyumbani kabla ya wakati wake. "Rudia nisikie vizuri. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naiandika upya bayosi, baba."

"Ndiyo mnyama gani huyo?"

"Ni programu iliyo kwenye chipu ndogo ya bodi, lile bamba kuu la ndani. Ndiyo inayoiamsha kompyuta asubuhi, inaiambia hii ni kumbukumbu, hii ni diski, hii ni skrini. Ilikuwa ya zamani mno. Si mmeona kompyuta inachukua robo saa kuwaka? Nikaona kwenye video kwamba ukiiandika upya..."

"Kwenye video."

"Ndiyo, baba."

"Na sasa inachukua muda gani kuwaka, injinia?"

Gamaliel aliigeukia kompyuta. Feni ilikuwa inazunguka, kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka, ila skrini ilikuwa nyeusi tii. Yadira, mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, alisimama nyuma ya baba yake akitafuna ukucha.

"Umeme ulikatika katikati ya kazi," Gamaliel alisema mwishowe. "Nilikuwa nimekwenda bombani kunawa. Nilipaswa kukaa nayo mpaka imalize. Ni kosa langu."

"Hilo ndilo neno la maana la kwanza kulisikia kwako tangu uhamie hapa."

Hermelinda, mke wa Nazario, alikuwa jikoni, amewapa mgongo, anageuza tortiya kwa ncha za vidole. Ilikuwa imeungua upande mmoja na hakuiona. Umeme haukukatika. Aliukata yeye.

Ukuta wa nyuma wa nyumba yao unagusana na mashine ya kusaga ya Bi Soledad. Kila alfajiri mota ya mashine hiyo inapoanza, taa za mtaa mzima hufifia. Miaka kumi na tisa iliyopita kufifia huko kulimvunjia Hermelinda sindano ya mashine ya kudarizi na kumharibia nguo sita za watu. Kifaa cha kutuliza umeme kilikuwa ghali, basi wanawake hao wawili wakapatana. Soledad angegonga ukuta mara tatu kwa mpini wa ufagio kabla ya kuwasha, na Hermelinda angeshusha swichi kubwa ya ukutani, asubiri mota ishike kasi, kisha aipandishe. Mkono ulikuwa umezoea hivi kwamba aliishusha hata siku ambazo hakuna kilichowashwa, hata siku ya Krismasi.

Jumanne hiyo alisikia ukuta unagongwa, akaingia chumbani macho yamejaa usingizi, akaona skrini ya buluu ambayo hajawahi kuiona, mstari mweupe unaotambaa, namba 34, na maneno mekundu ambayo hakuyasoma. Mkono ulikuwa umeshashuka. Akili ilipofika, skrini ilikuwa giza. Akatoka kwa haraka bila hata kuipandisha swichi, akaenda kuwasha jiko.

Angeweza kusema pale pale. Lakini Nazario alikuwa ameshaanza, na kila neno lake lilizidi kufanya kusema kuwe kugumu. Hermelinda hakuwa mtu wa kuogopa watu. Alichoogopa ni kuonekana mjinga, na woga wa aina hiyo una nguvu kuliko ule mwingine. Akanyamaza, akajichukia, akapakua maharage.

Mashine yake ya kudarizi haina akili yake yenyewe. Kila mshono inauliza kompyuta. Na programu inayochora nembo, aliyoinunua miaka kumi na minne iliyopita kwa bei ya gari kuukuu, ilifungwa na waliomuuzia kwenye bodi ile ile moja. Kila inapofunguliwa inaiuliza bodi namba yake, na namba hiyo inakaa ndani ya chipu. Ukiweka bodi nyingine, programu inamwona Hermelinda ni mwizi na inakataa kufunguka. Kampuni iliyomuuzia ilishafunga milango siku nyingi, hata simu haina. Ndani ya programu hiyo kulikuwa na nembo za shule kumi na moja, za bendi mbili za matarumbeta na za wazima moto, zote amezichora yeye mshono kwa mshono. Bila chipu hiyo asingekuwa na kazi tena, na akiwa na miaka hamsini na tatu hakujua nyingine.

Pembeni, kwenye meza, zilikaa sweta mia na thelathini za shule ya msingi. Hamsini zilikuwa na nembo. Themanini zilikuwa tupu. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

*

Kesho yake Hermelinda alipanga foleni kwa Bi Soledad akiwa na ndoo yake ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa. Habari zilikuwa zimeshafika kabla ya ndoo. Nazario alikuwa amezitangaza juu ya ukuta, kwa sauti aliyoipata kiwandani akishindana na mitambo.

"Mama Yadira, pole," alisema Soledad, mikono imejaa donge la mahindi yaliyosagwa hadi viwikoni. "Nasikia yule mkweo kakuunguzia kompyuta."

Wanawake watano waligeuka. Miongoni mwao alikuwa Graciela, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, aliyeziagiza zile sweta.

Hapo ndipo Hermelinda alipofanya jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko swichi. Alitikisa kichwa kama mama aliyechoka, akasema, "Vijana wa siku hizi, Bi Soledad. Wanajua kila kitu."

Wakacheka. Mmoja akasema ndiyo faida ya kufuga mkwe, mwingine akauliza kama anakula sana. Graciela peke yake hakucheka.

"Jumatatu, Hermelinda," alisema. "Mimi sitaki kukubana, unanijua. Lakini watoto themanini hawawezi kupanga mstari bila nembo wakati wenzao wanazo. Wazazi watanimeza. Kuna bwana mmoja wa mjini Apizaco ana mashine nne, amenipigia simu jana, hata sijui namba yangu kaipata wapi."

"Utazipata Jumatatu."

"Ijumaa niambie ukweli wako. Kama haziwezekani, Jumamosi nimpelekee yule bwana."

"Jumamosi jioni nitakujibu," alisema Hermelinda, na hakujua atajibu nini.

*

Alhamisi Gamaliel aliomba ruhusa kwa bosi wake wa pancha, akakatwa mshahara wa siku, akaibeba bodi kwenda Puebla, kwenye jengo la ghorofa mbili ambalo halina kitu kingine isipokuwa vibanda vya simu na kompyuta. Alirudi jioni akiwa nayo vile vile, imefungwa kwenye kitambaa cha kuhifadhia tortiya zisipoe.

"Vibanda vinne," alimwambia Yadira uani, akidhani hakuna anayesikia. "Wote wanasema ninunue nyingine. Nikiwaeleza habari ya namba, wananiona kama mgonjwa. Mmoja akaita wenzake waje waitazame. Akasema kaka, hii ipeleke makumbusho. Wakaipiga picha."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikasubiri wamalize kupiga picha."

Yadira alimshika mkono. "Tuhamie kwa mama yako, Gama. Tutalala chini. Sitaki mtoto wangu azaliwe akisikia baba yake anavyoitwa hapa."

"Jumapili," alisema Gamaliel. "Ngoja kwanza Jumamosi. Kuna kibanda kimoja kilikuwa kimefungwa, jirani yake kaniambia mama mwenye nacho ndiye anayefufua zile ambazo wengine wanazitupa."

Hermelinda, aliyekuwa nyuma ya shuka zilizoanikwa, aliinama kuokota kibanio ambacho hakikuwa kimeanguka.

Wakati wa kula alisema kwamba Jumamosi atakwenda na Gamaliel.

"Nenda," alisema Nazario, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. "Nenda naye, maana akienda peke yake ataiuza na hiyo bodi."

Gamaliel alitafuna taratibu. Kisha akamshukuru mama mkwe kwa chakula, akainuka, akaosha sahani yake. Siku hizo alikuwa anakula tortiya mbili.

*

Mama mwenye kibanda aliitwa Zenaida. Meza yake ilikuwa na upana wa mita moja, nusu yake imejaa makava ya simu yenye rangi za pipi, kwa sababu ndiyo yanayolipa kodi. Alivaa miwani yenye kioo cha kukuzia kilichoinuliwa kwenye paji la uso. Alifungua kile kitambaa, akanusa.

"Inanukia tortiya," alisema. "Karibuni. Nani kafa?"

Gamaliel alimweleza. Safari hii hakuna aliyecheka. Zenaida aliuliza mwaka wa bodi, akaigeuza, akaipuliza vumbi, akasema, "Peso mia saba kama ikiamka. Isipoamka, mia mbili kwa muda wangu."

"Mia tano," alisema Hermelinda.

"Mama, ni mia saba."

"Haya."

Zenaida alichukua koleo nyembamba akaing'oa chipu kwenye kiota chake. Ilikuwa kitu kidogo cheusi chenye miguu minane, hakifiki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Hermelinda aliitazama akastaajabu kwamba maisha yake yalikuwa yamekaa humo miaka yote. Zenaida akaipachika kwenye kifaa kilichounganishwa na kompyuta yake ndogo, akaisoma kipande, akakisoma tena kipande kile kile, akalinganisha.

"Uongo," alisema.

"Nini?" aliuliza Hermelinda.

"Chipu inasema uongo. Naiuliza swali lile lile mara mbili, inanipa majibu mawili. Imechoka, ina miaka kumi na minne. Ikaandikwa upya ikiwa imechoka hivyo, na umeme ukakatika humo humo, basi ikavurugika kabisa. Naweza kuisoma mara chache tu, nne, labda tano, kisha itanyamaza moja kwa moja."

"Kwa hiyo haiwezekani," alisema Gamaliel.

"Nimesema haiwezekani? Bayosi yenyewe si tatizo, waliotengeneza bodi wanaigawa bure, nitaiweka kwenye chipu mpya. Ninachotaka humu ni ile namba yenu tu, maana hiyo haipo kwingine duniani." Alichukua kalamu, akachora mstatili nyuma ya risiti. "Sikilizeni. Namba imeandikwa mara mbili, hapa chini na hapa juu. Ukiandika upya, kazi inaanzia chini inapanda. Kama ilikatika mwishoni, ya juu imeshafutwa, lakini ya chini imeshaandikwa upya vizuri. Kama ilikatika mapema, ya chini ni takataka, ila ya juu haijaguswa. Sina nafasi ya kujaribu kote kuwili. Lazima nichague. Sasa niambieni: ilikatika mwanzoni au mwishoni?"

Gamaliel alifikiri kwa bidii. "Mwishoni. Nilikaa bombani kama dakika kumi, kulikuwa na foleni ya kunawa, Yadira naye alikuwepo. Lazima ilikuwa karibu kumaliza."

"Uliiona?"

"Sikuiona. Lakini lazima ilikuwa karibu."

"Haya. Chini, basi." Zenaida alishusha miwani, akashika kipanya.

Hermelinda alikuwa anatazama makava ya simu. Kulikuwa na moja lenye picha ya paka, na moja lenye picha ya Bikira Maria wa Guadalupe, na aliyatazama hayo mawili kana kwamba amekuja kununua. Aliwaza kwamba huenda kijana yuko sahihi, huenda mstari ule ulisonga mbele baada ya macho yake kuuona, huenda namba aliyoiona ilikuwa ya kitu kingine. Alijua kwamba anajidanganya.

"Thelathini na nne," alisema.

Zenaida aliinua mkono kutoka kwenye kipanya. "Mama?"

"Ilikuwa imefika thelathini na nne kwa mia. Niliiona." Sauti yake ilikuwa ndogo, akarudia kwa sauti inayosikika. "Umeme haukukatika. Niliuzima mimi. Jirani aligonga, nikashusha swichi, kama kila siku. Nimekaa kimya siku nne."

Hakumtazama Gamaliel. Aliona mikono yake tu, yenye weusi wa mipira usiotoka kwa sabuni, ikikunja kile kitambaa cha tortiya mara mbili, mara nne.

"Una hakika na hiyo thelathini na nne?" aliuliza Zenaida. "Si arobaini na tatu?"

"Binti yangu, mimi nahesabu mishono. Thelathini na nne."

"Basi ni juu." Zenaida alirudi kwenye kazi yake kana kwamba amesikia bei ya nyanya. "Msijali. Wiki iliyopita kuna bwana alizima yake kwa sababu paka alikuwa amelala kwenye kibodi na hakutaka kumwamsha."

Aliisoma mara ya kwanza. Akaisafisha miguu ya chipu kwa spiriti, akapunguza kasi, akaisoma mara ya pili. Hazikulingana. Mara ya tatu ikalingana na ya pili. Mara ya nne ikalingana nazo. Ya tano haikurudisha kitu, ni sifuri tupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Basi," alisema. "Imemaliza kuongea. Lakini tatu zimekubaliana, na hizo zinatutosha."

Akaandika chipu mpya, bayosi nzima pamoja na ile namba, akaipachika, akaunganisha umeme na skrini ya majaribio. Kwa muda hakuna kilichotokea. Hermelinda alisali sala fupi ambayo hata hakuichagua. Kisha skrini ikawaka, maandishi meupe yakashuka mstari kwa mstari, na bodi ikaanza kulalamika kwamba haioni diski yake.

"Inalalamika," alisema Zenaida. "Kitu kinacholalamika ni kizima. Diski iko kwenu. Kama programu itaikubali namba, mtajua mkifika. Isipoikubali, nirudishieni nijue nilipokosea, nitawarudishia pesa."

*

Walikaa kituoni kungoja basi la Santa Inés, bodi katikati yao. Hermelinda alinunua chapati mbili nene za mahindi zenye maharage ndani, akampa moja. Gamaliel aliishika bila kula.

"Nilijua kuna mtu amezima," alisema.

"Ulijuaje?"

"Swichi niliikuta imeshushwa, mama. Nikaipandisha mimi."

Hermelinda alimgeukia kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ulijua ni mimi?"

"Nani mwingine anaigusa?"

"Na ukamwachia Nazario akuseme siku nne. Mbona hukusema?"

"Ningesema nini?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. "Naishi kwako."

Hermelinda alilia hapo hapo kituoni, mdomo umejaa maharage, na mwanamke mmoja mwenye kuku kwenye kapu akasogea kumpisha. Gamaliel alimpa kile kitambaa, maana hawakuwa na kingine.

"Nisamehe, mwanangu."

"Yamekwisha, mama. Ila usimwambie mzee. Atakupigia kelele bure. Mimi nimeshazoea."

*

Nazario alikuwa kwenye kiti chake waliporudi. Hakuuliza kitu. Gamaliel alikaza skrubu moja moja, akachomeka waya, akawasha. Kompyuta iliwaka kwa dakika moja na kidogo, jambo ambalo halijatokea nyumba ile kwa miaka. Hermelinda akaifungua programu. Ilizunguka, ikafikiri, ikaiuliza bodi namba yake. Kisha nembo zikajipanga kwenye skrini, shule kumi na moja, bendi mbili, wazima moto, hakuna hata moja iliyopungua. Yadira alikaa kitako juu ya sweta na kuanza kucheka.

"Umebahatika, injinia," alisema Nazario kutoka mlangoni. "Mtu anabomoa nyumba, akirudisha matofali anataka apigiwe makofi. Safari nyingine ukitaka kuchezea kitu, chezea cha mama yako."

"Nazario," alisema Hermelinda.

"Namwambia kwa faida yake."

"Ni mimi niliyezima."

Gamaliel alitikisa kichwa kumzuia. Hermelinda hakumtazama. Alieleza yote akiwa amesimama, tangu kugongwa ukuta hadi thelathini na nne, na hata maneno aliyoyasema kwenye foleni ya kusaga.

"Siku nne," alisema Nazario taratibu. "Siku nne namtukana mtoto wa watu, na wewe unanipakulia chakula, unanisikia."

"Ndiyo."

"Na unanyamaza."

"Ndiyo."

Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kisha akaacha kumtazama, na hakusema naye tena mpaka kesho yake. Hermelinda alistahili, na alijua. Nazario hakuwa mtu wa kuomba radhi. Mdomo wake haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini alivuta kiti chake hadi kwenye meza ya sweta, akaketi kwa kuguna kwa sababu ya mgongo, akaichukua moja ya zile hamsini na kuigeuza upande wa ndani, ambako nyuzi zilikuwa zinaning'inia.

"Hizi zinakatwa vipi?" aliuliza. Alimuuliza Gamaliel.

"Karibu na fundo, baba. Ila usiguse kitambaa."

"Nionyeshe."

Hermelinda alimpigia simu Graciela akamwambia atapata sweta zake. Kisha akapachika ya kwanza kwenye fremu, na sindano ikaanza kushuka.

*

Jumapili asubuhi sweta arobaini zilikuwa bado zimebaki, na hata hivyo aliiacha mashine kwa Yadira akachukua ndoo yake ya mahindi. Angeweza kumtuma mtu. Njiani alitamani sana angemtuma.

Foleni ilikuwa ndefu, ya Jumapili, wanawake kumi na zaidi. Graciela alikuwepo. Soledad alipomwona alipaza sauti juu ya mota: "Mama Yadira, nasikia imepona. Huyo mkweo bado yupo, au mmeshamfukuza?"

Wakaanza kucheka, na Hermelinda akasubiri mota ipungue.

"Kompyuta sikuunguziwa na mkwe wangu," alisema. "Niliiharibu mimi. Niliizima wakati yeye anaitengeneza, nikamwacha abebe lawama, na Jumatano nilisimama hapa nikamcheka pamoja nanyi. Yeye alijua ni mimi tangu siku ya kwanza. Hakusema. Na jana ameirudisha."

Uso ulikuwa unamchoma. Mmoja wao alijifanya anachambua mahindi. Soledad alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena. Hermelinda alisimama na aibu yake mbele yao, akaona kwamba inabebeka, na kwamba ni nyepesi kuliko alivyoibeba siku nne.

Ni Graciela aliyezungumza, baada ya foleni kusogea hatua mbili.

"Kuna kompyuta ya ofisi ya shule," alisema. "Imekufa tangu Juni. Wa mjini wanatuambia tununue nyingine. Huyo mkweo angeweza kuja kuitazama? Tutamlipa, si bure."

"Muulize mwenyewe," alisema Hermelinda, akainua ndoo yake kumpa Soledad. "Yuko nyumbani. Haendi popote."